Mashine ya kubangua korosho kwa kikundi cha akina mama: niwaulize nini kabla sijakata chuma?

Fundi Nanyamba
Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Nanyamba, Mtwara. Mtaani kwetu kuna kikundi cha akina mama wanaokaanga korosho, wanabangua kwa rungu na jiwe, kisha wanauza kwa vipakiti stendi. Nataka kuwatengenezea mashine ya kanyagio. Mchoro ninao tayari. Tatizo nikiwauliza kama wanaitaka, wote wanaitikia ndiyo, na hapo sijajifunza kitu. Mliowahi kutengenezea watu vifaa, mliwauliza nini?

Mama wa Newala
Mwanangu, hao hawatakukatalia. Mtu kaja na zawadi, nani atamwambia hapana? Acha kuuliza, nenda ukabangue nao.

Mimi nimebangua tangu nikiwa mwari, na nakwambia mwendo si shida yetu. Shida ni mikono. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua. Ukigonga yanaruka, yanashika ncha za vidole, ngozi inakuwa nyeusi kisha inachunika. Tunajipaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kuanza, lakini yanapenya tu. Na kazi haiishii kwenye kuvunja. Kuna lile ganda jembamba la ndani, linamenywa kwa kucha, moja moja, na hapo ndipo siku inapoishia. Mwenye vidole vilivyobabuka anamenyaje? Mashine yako ikivunja vizuri ila ikamwacha anachomoa mbegu kwa mkono kwenye ganda linalovuja mafuta, bado hujamsaidia.

Halafu kuna nzima na vipande. Nzima ina bei, ikipasuka bei imeanguka. Korosho za mti mmoja hazilingani ukubwa. Meno umeyapima kwa ipi? Kama lazima zichambuliwe kwanza kubwa na ndogo, hiyo ni kazi mpya umewaongezea, uliza nani ataifanya.

Tazama pia wanavyokaa. Sisi tunakaa mkekani, miguu tumenyoosha, mtoto ubavuni. Kanyagio linataka mtu asimame au akae kitini. Mwenye mimba kubwa je?

Na usiwafuate Oktoba mpaka Desemba. Wako mashambani wanaokota.

Mtu wa Maji, Lindi
Bi mkubwa kasema kweli tupu. Mimi nimefanya kazi kwenye visima vya vijiji na kila mara nawakumbusha wenzangu habari ya PlayPump. Ile ni bembea ya kuzunguka: watoto wacheze, maji yapande tanki. Ilianzia Afrika Kusini ikafika hadi kwa jirani zetu Msumbiji. Mwaka 2006 Marekani ikaahidi mamilioni ya dola. Gazeti la Guardian la Uingereza lilipopiga hesabu mwaka 2009, kutimiza lengo lililotangazwa kulihitaji watoto wacheze saa 27 kwa siku. Watoto walipochoka au walipokuwa darasani, wanawake watu wazima ndio waliolizungusha gurudumu kwa mikono, na pampu ya kawaida ya mkono ingewachosha kidogo kuliko hilo. Mchoro ulikuwa mzuri. Mwenye ndoo hakuulizwa anateka saa ngapi.

Fundi Masasi
Usianze na chuma. Piga mbao kwanza, fremu na kanyagio tu, matundu kila baada ya inchi mbili ili kimo kipande na kushuka. Wape, ondoka, rudi baadaye uone wamefunga tundu gani na wamekata wapi. Mbao utaitupa bila uchungu. Chuma kikishachomelewa utaanza kukitetea.

Fundi Nanyamba
Shikamoo mama. Ahsanteni sana wote. Mchoro nauweka pembeni. Nitaanza na sinia la kupokea maganda na kibanio cha kuchomolea mbegu, ili mkono usiguse mafuta kabisa, meno ya kuvunjia yatafuata. Mama, swali moja: glovu za mpira mmewahi kujaribu?

Mama wa Newala
Marahaba mwanangu. Tulizivaa. Zinatoa jasho, zinateleza, na korosho huisikii mkononi kama imekaa sawa, kwa hiyo unaipasua. Tukazivua. Ila ukikata zile za kitambaa nene ukaacha kidole gumba na cha shahada tu vimefunikwa, wako wanaozipenda. Wapelekee za aina mbili tatu, wachague wenyewe. Na kibanio kisizidi urefu wa kiganja, mikono yetu ni midogo kuliko yako.