Naomba ushauri: tangi la ziada kwenye ndege ya kujiundia

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Dodoma, naunda kandege ka viti viwili nyumbani (mke anakaita jeneza lenye mabawa). Tangi lake ni dogo, nataka kuongeza la lita 30 nyuma ya viti, pampu ya umeme isukume mafuta hadi tangi kuu. Lita 30 za petroli ni kama kilo 22, na zote ziko nyuma, kwa hiyo nitapima upya kama mkia haujazidiwa uzito.

Kinachoninyima usingizi ni joto. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na jua la Oktoba mnalijua: petroli inageuka mvuke ndani ya paipu, pampu inabaki kuvuta hewa. Niiweke chini, jirani na tangi, au karibu na injini? Na tangi kuu likijaa nikasahau kuzima pampu, mafuta yanayozidi yatokee wapi?

TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) nitawaona kabla ya kuruka, msinitishe.