Gari la kabureta linazima baada ya nusu saa, kisha linawaka tena

Muulizaji:
Ndugu mafundi, nina gari la petroli la mwaka 1986, lenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini. Asubuhi linawaka bila shida, lakini baada ya mwendo wa nusu saa hivi linaanza kukohoa, linakosa nguvu hasa kwenye kilima, kisha linazima. Nikipumzika robo saa linawaka kana kwamba halijawahi kusumbua. Nimebadilisha chujio la mafuta na plagi zote nne, na kabureta imefunguliwa ikasafishwa, lakini hali ni ileile. Sasa ninashauriwa ninunue pampu mpya. Je, kuna namna ya kujua kwa hakika tatizo liko wapi kabla sijatoa fedha tena?

Jibu la 1:
Pampu iache kwanza. Ile robo saa unayopumzika ndiyo ya kufanyia uchunguzi, kwa sababu gari likishapoa ushahidi umepotea. Siku likizima tena, nenda moja kwa moja kwenye tangi, ufungue kifuniko taratibu huku umetega sikio. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani, na gari likawaka papo hapo, tundu la kupumulia limeziba: petroli inatoka lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake, hadi pampu inashindwa kuvuta. Mimi nilibadilisha pampu mbili kabla ya kugundua kwamba kifuniko kipya nilichokuwa nakisifu kwa kukaa vizuri hakikuwa na tundu hata moja.

Jibu la 2:
Nakubaliana na mwenzangu. Usiposikia hewa, zima swichi, ondoa kifuniko cha chujio la hewa, uchungulie kooni mwa kabureta huku ukivuta waya wa akselereta kwa mkono. Petroli ikiruka kama uzi mwembamba, mafuta yapo, hivyo geukia umeme, hasa koili, yaani kifaa kinachokuza umeme wa kutoa cheche kwenye plagi, maana koili iliyochoka hukata cheche ikipata moto na kuirudisha ikipoa, na wengi huidhania kuwa ni shida ya mafuta. Pakiwa pakavu, tafuta kati ya tangi na kabureta. Kagua mipira yote ya kupitishia petroli kwa kuikunja, kwa kuwa mpira uliopasuka kabla ya pampu huenda usivujishe hata tone. Huvuta hewa, na lawama ikaangukia pampu. Angalia pia kama bomba limepita karibu na eksozi, kwani petroli ikichemka ndani ya bomba pampu hubaki ikivuta mvuke. Haya yote yafanyike mbali na moto, na petroli isidondokee eksozi ikiwa bado ya moto.

Jibu la 3:
Kuhusu pampu yenyewe, chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse. Kikinuka petroli, huenda dayaframu (utando wa ndani ya pampu unaosukuma mafuta) imechanika na mafuta yanashukia kwenye injini. Usiliendeshe tena hadi utengeneze na kubadilisha oili. Kisha kuna jambo ambalo husahaulika katika magari ya umri huo, nalo ni kutu ndani ya tangi. Vipande vyake huvutwa taratibu hadi kwenye wavu wa bomba la kunyonya na kuuziba. Injini ikizima, mvuto hukoma, vinaanguka chini, na gari linawaka tena. Chujio la mbele halikuonyeshi kitu, kwa kuwa uchafu haujafika huko.

Muulizaji:
Nashukuru sana. Jana lilizima kama kawaida. Kwenye kifuniko sikusikia hewa, kooni mwa kabureta palikuwa pakavu kabisa, na oili haikuwa na harufu ya petroli. Nilifungua bomba upande wa kuingilia pampu, nikasukuma upepo kurudi kwenye tangi kwa pampu ya baiskeli, kifuniko kikiwa wazi. Nilipolirudisha, gari liliwaka baada ya kupiga stata kwa muda mfupi tu, bila kusubiri ile robo saa. Leo tumeshusha tangi, na petroli ya mwisho iliyomwagwa kwenye beseni ilitoka na vipande vya kutu vya rangi ya kahawia, vikizunguka na kuzama kama majani ya chai.