Mtu ni Afya na Operesheni Vijiji: ushawishi unaishia wapi, propaganda inaanzia wapi?

Mleta mada: Wakuu, nina jambo linanisumbua. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, redio moja katikati, kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha redio inazimwa, ubishi unaanza: malaria yetu inatoka dimbwi gani, choo tukichimbe wapi. Novemba ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuhamia vijiji vya ujamaa si hiari tena, ndiyo Operesheni Vijiji. Yakaja malori, na kuna mahali nyumba za zamani zilichomwa ili watu wasirudi. Redio ni ileile. Mimi naita la kwanza ushawishi, la pili propaganda. Nipingeni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unaipaka Mtu ni Afya rangi. Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama wa mtaa, yupo hapohapo kwenye kikundi, nani angesema choo sitaki?

Mchangiaji wa pili: Bibi yangu alikuwemo. Waliposomewa kuchemsha maji ya kunywa, akauliza, "Na kuni za kuchemshia mtungi mzima kila siku nitazitoa wapi, mwanangu?" Kiongozi wa kikundi, kijana wa darasa la saba, akafunua kijitabu mbele na nyuma, jibu hakuna. Wakacheka, yeye naye akacheka. Bibi hakuchemsha, ila choo alichimba. Hakuna aliyemfuata kumuuliza kwa nini hachemshi. Ilipofika zamu ya kuhama, hakuna aliyemsomea kitu. Aliambiwa siku ya lori.

Mchangiaji wa kwanza: Bibi yako alibahatika na balozi mpole. Halafu walioambiwa wahame hawakudanganywa: shule, zahanati na kisima ni vitu vya kweli, kuna vijiji vilivipata.

Mleta mada: Hapo umenibana, na ndipo nilipotaka tufike. Tumezoea kudhani propaganda ni uongo, kumbe unaweza kusema kweli tupu na bado ukawa umemfunga mtu mdomo. Zahanati ya kweli haimjibu mwenye mikorosho yake anayeiacha nyuma. Kuhusu balozi nakubali, woga ulikuwepo. Lakini swali la kuni liliulizwa mbele ya watu na muulizaji akalala kwake. Nitajieni swali moja la namna hiyo lililoulizwa mbele ya lori.

Mchangiaji wa pili: Bibi aliliuliza moja. "Mbuzi wangu watapanda wapi?" Walibaki.