Kiwanja kikikatwa vipande vinne, njia ailipie nani?

Wadau, hili tulijadili. Kiwanja kimoja kimekatwa vipande vinne vilivyopangana kama mabehewa. Njia ya mita 80 inavipitia vyote kutoka barabarani hadi mwisho, na sasa imeharibika. Wengi watasema, "Gawanya kwa nne, yaishe." Mimi nakataa. Wa kwanza anapita mita 20 tu kisha anakata kona kwake. Wa nne anaipita yote. Kila mita 20 zilipiwe na wanaozipita: za mwanzo wote wanne, zinazofuata watatu, halafu wawili, za mwisho mmoja. Hapo wa kwanza anabeba gharama ya mita 5, wa nne karibu mita 42. Anayeona uonevu aseme.

— Upo, mkuu. Eneo linateremkia nyuma, maji ya mvua ya hao watatu yote yanamshukia huyo huyo wa nne. Na mtaro utaupigia hesabu hiyo?

— Hapo umenibana. Mtaro unageuza hesabu: kila mita ilipiwe na wanaomwaga maji juu yake. Basi wa kwanza, ambaye maji yake yanasafiri mtaro wote, ndiye abebe zile 42. Hilo sikuliwaza, lakini nalikubali.

— Hesabu nzuri, ila mnasahau kwamba watu huuza. Uingereza kulikuwa na kesi ya Rhone dhidi ya Stephens: jengo liligawanywa, paa la upande mmoja likabaki limefunika sehemu ya upande wa pili, na mwenye paa akaahidi kwa maandishi kwamba halitavuja. Pande zote zikapata wenyewe wapya, paa likavuja. Mwaka 1994 mahakama ya juu kabisa ikasema mmiliki mpya habanwi na ahadi ile. Kule ahadi ya kutofanya jambo inaweza kuifuata ardhi. Ya kutoa pesa kwa kawaida hubaki kwa aliyeitoa.

— Ufaransa je? Kifungu cha 700 cha sheria yao ya kiraia kinasema shamba lenye haki ya kupita kwa jirani likigawanywa, kila kipande kinabaki na haki hiyo, ila wote wapite pale pale. Jirani asiongezewe mzigo kwa sababu nyinyi mmegawana.

— Na rehani msiisahau, kama kiwanja kizima kiliwekwa dhamana ya mkopo kabla ya kugawanywa. Ukilipa robo yako ya deni, kipande chako bado kimeshikwa hadi deni lote liishe, labda mkopeshaji akiachilie. Kugawana kwenu yeye hakumhusu.

— Ndiyo maana nasema fomula iandikwe siku ya kugawa, na kila mnunuzi aisaini kabla ya kukabidhiwa. Swali langu la mwisho: wa kwanza akifungua geti lake moja kwa moja barabarani, bado adaiwe zile mita 5? Mimi za njia nitamsamehe. Za mtaro hapana, maji yake bado yanashuka.