Nyumba ya mawe Mikindani: ninunue meshi ya vipande vitatu, au naibiwa?

Nesi Mstaafu

Habari za jioni jamani. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya mtandao, na mnieleze taratibu, mimi nimezoea sindano na bendeji, si nyaya.

Nakaa Mikindani, Mtwara, nyumba ya marehemu babu, zile za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa. Jana nimepima ukuta wa ukumbini kwa futi yangu ya kushonea: sentimita 54. Mbele kuna ukumbi na vyumba viwili, kisha ua, kisha huko nyuma nimejenga vyumba vitatu vya bloku, bati juu. Viwili vina wapangaji, cha tatu yumo mjukuu wangu, masomo yake ya chuo mengi yako mtandaoni.

Faiba imeingilia mbele, kifurushi cha 20 Mbps, na ruta iko kwenye kabati la vyombo. Nimezunguka nyumba nzima na simu nikipima kasi. Ukumbini 19. Chumbani kwangu, ukuta mmoja tu katikati, 8. Uani mlango ukiwa wazi 5, ukifungwa 2. Vyumba vya nyuma jina la Wi-Fi linaonekana lakini hakifunguki kitu. Mjukuu huhamia dirishani pa jiko na kompyuta yake, anakaa kwenye kigoda cha mbuzi, usiku mbu wanamfaidi.

Mwanzoni nilinunua ripita, ile ya kuchomeka kwenye soketi, elfu thelathini na tano. Nikaichomeka uani. Taa zote zikawaka, vijiti kwenye simu vikajaa, intaneti yenyewe ikawa inatambaa. Sasa duka moja hapo mjini wanasema dawa ni meshi, yaani visambaza Wi-Fi kadhaa vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, ya vipande vitatu, laki nne na nusu. Hiyo ni hela ya korosho, na ripita imeshanifundisha. Ninunue?

Mzee wa Bando

Ongeza kifurushi tu mama. Chukua 50, habari imekwisha.

Fundi Waya, Lindi

Shikamoo mama. Huyo wa juu msamehe. Ukumbini unapata 19 kati ya 20, maana yake ulicholipia kinafika mlangoni. Ukichukua 50 utakuwa na 50 ukumbini, na mjukuu atabaki palepale dirishani.

Ripita yako haikuwa mbovu. Inasikiliza na kusema kwa redio ileile, kila kitu kinapita hewani mara mbili, kwa hiyo kasi inapungua karibu nusu kabla hujaanza. Halafu wewe uliiweka mahali penye 2. Ikawa kama mkalimani aliyekaa nje ya mkutano: anapaza sauti vizuri, lakini alichosikia ni mnong'ono. Vile vijiti vilivyojaa vinaonyesha simu inavyoisikia ripita. Ripita inavyoisikia ruta, simu haijui.

Meshi ni afadhali. Vipande vyote vinabeba jina moja la mtandao na simu inahama kutoka kimoja kwenda kingine yenyewe. Ila za bei hiyo nyingi ni za bendi mbili, yaani mawimbi ya aina mbili, 2.4 na 5 GHz, na zisipounganishwa kwa waya nazo zinaongea kwa hewa hiyohiyo inayotumiwa na simu zenu. 5 GHz ndiyo yenye mbio, lakini haipendi kuta. 2.4 inapenya zaidi, kwa mwendo wa polepole. Kwa ukuta wa sentimita 54, ukipanga vitatu bila waya umenunua ripita tatu za gharama. Watakwambia chukua ya bendi tatu, moja ni ya vipande kuongea vyenyewe. Sawa, lakini bendi hiyo nayo ni 5 au 6 GHz, na ukuta ni uleule wa babu.

Mimi ningenunua viwili, na pesa ya cha tatu ningenunua waya. Meshi aina ya Deco M4, kwa mfano, kila kipande kina matundu mawili ya waya wa mtandao. Kimoja ukumbini, kingine nyuma, waya katikati. Waya wa mtandao unafika mita 100 bila kulalamika, na ua wako sidhani kama unafika 30.

Swali: kati ya ruta na uani kuna kioo kikubwa, friji, au tangi la maji?

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Tangi lipo, lita elfu moja, limesimama pembeni ya mlango wa uani kabisa. Na kabati la vyombo nililosema, ruta iko nyuma ya sufuria za shughuli.

Fundi Waya, Lindi

Mama! Sufuria za pilau mbele ya ruta! Alumini inayarudisha mawimbi yalikotoka, na maji yanayameza. Itoe hapo leo, iweke juu, mahali pa wazi karibu na mlango, kisha upime tena. Hiyo ni bure.

Wa Shangani

Naongezea yaliyonikuta. Mimi nilinunua vitatu kwa nyumba ya bloku ya vyumba vinne, cha tatu kiko kwenye boksi mwaka wa pili huu. Mambo ya Wi-Fi 6, toleo la baada ya Wi-Fi 5, nayo msikilize muuzaji kwa sikio moja. Ni nzuri, lakini kama simu na kompyuta zenu ni za zamani hazitaitumia, na kwa kifurushi cha 20 hata Wi-Fi 5 inabaki na nafasi tele.

Kilichonisumbua mimi ni kuacha kile kiboksi cha faiba, yaani ruta, kirushe Wi-Fi yake na meshi irushe yake. Ruta mbili zikawa zinagawa anwani, printa iko mtaa huu, simu mtaa ule, haziamkiani. Zima Wi-Fi ya kiboksi, halafu kwenye programu ya meshi chagua modi ya aksesi pointi, yaani irushe Wi-Fi tu, isigawe anwani. Nilihangaika wiki nzima kwa kitu cha dakika tatu.

Fundi Waya, Lindi

Wa Shangani kasema kweli. Mama, ukienda kununua waya beba wembe. Madukani umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua ncha: ikitoka nyeupe ndani, rudisha. Shaba ni nyekundu mpaka moyoni. Uani upitishe ndani ya paipu, jua linapasua ganda. Na anayefunga vichwa vya waya afuate mpangilio huu ncha zote mbili: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia.

Nesi Mstaafu

Nimerudi na mrejesho, wiki ya tatu sasa.

Ruta niliihamisha usiku uleule. Chumbani kutoka 8 ikapanda 12, sijatoa hata senti. Niliona haya kidogo.

Nilinunua viwili. Muuzaji alinikazania cha tatu mpaka nikamwambia mwanangu yuko Lindi kakataa. Waya niliukwangua palepale dukani. Wa kwanza mweupe, wa pili mweupe, wa tatu ndiyo akautoa chini ya meza.

Shida ikaja kwenye ukuta. Kijana wa hapa alileta drili, keekee ikazama yote bila kutokea upande wa pili, chokaa ikamwagika kitandani kwangu kama unga wa muhogo. Nikamsimamisha. Nikakumbuka dishi la zamani lilikuwa na waya, na waya ule ulipita mahali. Tukabandua rangi pembeni ya fremu ya dirisha, tundu hilo hapo, limezibwa na gazeti. Tukapitisha, mita 22 mpaka nyuma. Taa ya kipande cha nyuma ilikuwa nyekundu siku nzima, kumbe ncha moja kijani na buluu zimebadilishana. Akakata, akafunga upya.

Vyumba vya nyuma sasa 18, mlango umefungwa, mvua inapiga bati. Tangi sikulihamisha, lina maji.

Swali la mwisho: umeme ukikatika vyote vinazima, na mjukuu ana mtihani mtandaoni mwezi ujao. Ninunue betri gani?

Fundi Waya, Lindi

UPS ndogo ya DC mama, yaani betri ya akiba inayolisha ruta moja kwa moja umeme ukikatika, usinunue ile kubwa ya kompyuta. Soma kibandiko kwenye adapta ya kiboksi na ya Deco. Kama zote ni 12V, tafuta yenye kutoa 12V na ampea zinazozidi za hizo mbili ukizijumlisha. Kipande cha nyuma kitahitaji ya kwake.

Nesi Mstaafu

Nimevaa miwani, zote 12V. Ya mbele nanunua mimi. Ya nyuma nitagawana na wapangaji, maana wao ndio wanaoangalia mpira.