MREJESHO: Duka langu la mikoba mtandaoni

Wakuu, niliuliza nianze na bidhaa za kila aina au moja tu, na wateja niwapateje bila mtaji wa matangazo. Wengi mlisema nishike aina moja. Nimeshika mikoba, na duka linatembea.

Kilichosaidia zaidi ni kuweka mambo wazi. Mtindo wa "bei njoo inboksi" sitaki hata kuusikia. Naandika bei, vipimo kwa sentimita na gharama ya usafirishaji. Picha napiga mchana karibu na dirisha, moja ya ndani ya mkoba, nyingine mtu kaubeba ili ukubwa uonekane. Wanaonitafuta sasa wengi ni wanunuzi kweli.

Matangazo bado sijalipia. Mteja akipokea mzigo namwomba picha na maoni, hayo ndiyo yanaleta wageni.

Aliyeniambia nihesabu faida baada ya kutoa vifungashio, usafiri na makato ya malipo, ubarikiwe. Mkoba uliouzika kuliko yote ndio ulionibakizia kidogo!

Ushauri wa kukopa niongeze mzigo sijaufuata. Naagiza kidogo kidogo, kinachotoka haraka narudia.

Bado nakwama kwenye bidhaa zinazorudishwa: mteja akibadili mawazo tu, nauli ya kurudisha analipa nani?