Mtoto anachanganya mzingo na eneo la duara, nisaidieni

MamaNgamiani: Habari za jioni jamani, mwanangu yuko la saba hapa Tanga, hesabu anaziweza ila akifika kwenye duara basi, jana kapewa sinia la kipenyo sm 42 atafute eneo, kachukua 22/7 mara 42 mara 42 kapata 5,544, kakosa na hajui kwa nini, kalia mpaka usingizi ukamchukua. Nimwelezeje?

FundiBaiskeli: Pole dada. Mwanzie na mzingo, yaani urefu wa kuzunguka duara, mpe baiskeli, apige alama ya chaki kwenye tairi aisukume mpaka alama irudi chini, apime hapo chini kwa futi kamba. Gurudumu la kipenyo sm 70 linakwenda sm 220 kila mzunguko. Ndo pai (ile 22/7) mara kipenyo hiyo.

Mwl_Pongwe: Kosa lake ni moja tu, eneo linataka nusukipenyo, yaani 21. 22/7 × 21 × 21 = sm za mraba 1,386. Ona jibu lake limezidi mara 4 kamili, kwa sababu kipenyo ni nusukipenyo mara 2 halafu kimezidishwa chenyewe. Akate duara la karatasi vipande 16 kama vya chapati, avipange kimoja juu kimoja chini, kitakuja kama mstatili, upana ni nusukipenyo na urefu nusu ya mzingo. Hapo hakariri tena! Na 22/7 ni makadirio tu, namba isipogawanyika kwa 7 atumie 3.14.

MamaNgamiani: Ahsante sana mwalimu, tumekata sasa hivi, mstatili umetokea kweli, mwenyewe anataka arudie na sahani.